Rudolf Geigy

Rudolf Geigy (Basel, Uswisi, 1 Desemba 1902 – Basel, 8 Machi 1995) alikuwa mwanazoolojia na mtafiti wa magonjwa ya nchi za joto kutoka Uswisi. Anajulikana hasa kama mwanzilishi na mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, na kama mwanzilishi wa maabara ya utafiti ya Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo.

Utafiti wake katika Afrika Mashariki ulihusu zaidi homa ya papasi na malale. Vimelea vya magonjwa yote mawili vina tabia moja: hubadilisha umbo la nje ili kukwepa kingamwili za mgonjwa.

Maisha ya awali na elimu

Geigy alizaliwa katika ukoo wa zamani wa wafanyabiashara wa Basel. Biashara ya ukoo huo ilianza mwaka 1758 kwa kuuza dawa na rangi, na baadaye ikakua kuwa kampuni kubwa ya kemikali ya J. R. Geigy. Katika kampuni hiyo mkemia Paul Hermann Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948.

Rudolf hakufuata njia ya biashara. Alisoma zoolojia na kuvutiwa na namna kiumbe kinavyokua kutoka yai. Mwaka 1931 alitoa utafiti kuhusu mayai ya nzi wa matunda. Alipiga mionzi ya urujuanimno kwenye ncha moja ya yai, akaona kwamba nzi aliyetoka alikuwa mzima lakini tasa. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba seli zitakazozaa kizazi kijacho hutengwa mapema sana katika sehemu hiyo ya yai. Utafiti huo bado hutajwa na wanabiolojia.

Baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Basel, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mkuu wa chuo hicho.

Taasisi ya Tropiki ya Uswisi

Mwaka 1943, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiendelea, Geigy alianzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi. Uswisi haikuwa na makoloni, lakini ilikuwa na wamisionari, wafanyabiashara na mafundi wengi waliofanya kazi katika nchi za joto. Serikali yake pia iliogopa kwamba vita vikiisha vijana wengi wangekosa ajira nyumbani. Taasisi ilipewa kazi tatu: kuwafundisha watu waliotaka kwenda nchi za joto, kuwatibu waliorudi na magonjwa, na kufanya utafiti.

Mwaka 1944 lilianza kutolewa jarida la kisayansi la Acta Tropica, ambalo hadi leo huchapisha tafiti za magonjwa ya tropiki. Mwaka 1955 Geigy alitoa pamoja na Adelheid Herbig kitabu cha Kijerumani kuhusu vimelea vya magonjwa hayo na wadudu wanaovieneza.

Geigy aliongoza taasisi hiyo hadi mwaka 1972. Aliamini kwamba ugonjwa wa nchi za joto hauwezi kueleweka kwa kutazama chupa za maabara za Ulaya tu. Alitaka mdudu achunguzwe mahali anapoishi, pamoja na mtu anayeumwa na mdudu huyo, na nyumba ambamo wote wawili wanalala.

Kufika Ifakara

Geigy alifika Ifakara kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Bonde la Kilombero lilikuwa gumu kufikika wakati wa masika, kwa kuwa mto hufurika na kufunika mbuga pana. Wakazi wake, wakiwemo Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena, waliishi kwa kulima mpunga na kuvua samaki.

Uhusiano wa Ifakara na Uswisi ulikuwapo tayari. Tangu mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi walikuwa wakifanya umisionari katika eneo hilo, pamoja na masista wa Baldegg. Walijenga zahanati, ambayo baadaye ilikua na kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kwa mtafiti, mahali kama hapo palifaa sana: palikuwa na hospitali yenye wagonjwa, watu waliojua mazingira, na wadudu wa kila aina.

Katika miaka ya 1956 na 1957 Geigy alianzisha karibu na hospitali maabara ndogo ya kudumu ya taasisi yake. Watafiti na wanafunzi kutoka Basel walikuja kukaa humo kwa miezi au miaka. Kazi yao iliwategemea sana wenyeji, ambao waliwaongoza vijijini, wakatafsiri lugha, wakafungua milango ya nyumba zao na kuonyesha mahali papasi wanapojificha.

Utafiti wa homa ya papasi

Papasi ni kupe laini wa jamii ya Ornithodoros. Tofauti na kupe wa ng'ombe, hakai mwilini kwa siku nyingi. Hujificha mchana katika nyufa za ukuta na vumbi la sakafu ya udongo. Usiku hutoka, humnyonya mtu aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kuishi miaka kadhaa bila kula.

Papasi huambukiza bakteria wenye umbo la hesi waitwao Borrelia duttonii. Jina hilo linamkumbuka Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyechunguza ugonjwa huo katika Kongo ya mashariki na kufariki hukohuko mwaka 1905. Mwaka huohuo Robert Koch, akifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake bakteria hao kupitia mayai. Hivyo nyumba yenye papasi inaweza kubaki na ugonjwa hata kama wakazi wake wote wamehama.

Swali lililobaki lilikuwa hili: je, ugonjwa hutunzwa na binadamu peke yake, au kuna wanyama wa porini wanaouhifadhi? Papasi wa jamii ya karibu huishi katika mashimo ya ngiri. Kama nao wangekuwa na bakteria, kusafisha nyumba kusingetosha kuumaliza ugonjwa.

Geigy alilifanyia kazi swali hilo pamoja na Hermann Mooser, mtaalamu wa bakteria kutoka Zürich. Walikusanya papasi kutoka nyumba za watu na kutoka mashimo ya ngiri sehemu mbalimbali za Tanganyika, na matokeo yakachapishwa mwaka 1955. Papasi wa nyumbani walikutwa na bakteria, lakini wale wa mashimo ya ngiri hawakukutwa nao. Matokeo hayo yaliunga mkono wazo kwamba homa ya papasi ni ugonjwa wa binadamu na nyumba yake. Katika miaka ya 2000 watafiti wengine walipata dalili za Borrelia katika kuku na nguruwe wa vijiji vya Tanzania ya kati, kwa hiyo mjadala haujafungwa kabisa. Hata hivyo wanyama hao nao huishi karibu na nyumba.

Homa ya papasi na kingamwili

Mtu aliyeambukizwa hupata homa kali ya ghafla, baridi, maumivu ya kichwa na viungo. Baada ya siku chache homa hushuka na mgonjwa hudhani amepona. Siku kadhaa baadaye homa hurudi, na inaweza kurudi mara nyingi. Kwa sababu hiyo ugonjwa huitwa pia homa ya vipindi. Dalili zake hufanana na za malaria, na mara nyingi hutofautishwa nayo kwa kupima damu kwa hadubini tu.

Sababu ya homa kwenda na kurudi ni mapambano kati ya bakteria na kingamwili. Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B. Kila kingamwili hushika alama maalumu iliyo juu ya kijidudu. Bakteria wanapoongezeka katika damu, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya alama yao, na karibu wote huuawa: homa hushuka. Lakini wachache kati yao huwa wamekwisha kubadilisha alama ya nje. Kingamwili za kwanza haziwatambui, nao huzaana hadi mwili utengeneze kingamwili mpya.

Katika ugonjwa huu, basi, uzima wa mgonjwa hutegemea sana uwezo wake wa kutengeneza kingamwili upesi. Majaribio ya panya wasio na seli B yameonyesha kwamba bakteria hubaki kwa wingi katika damu yao bila kushuka. Kwa binadamu, ndugu wa bakteria huyo aitwaye Borrelia miyamotoi, anayepatikana Ulaya, Asia na Marekani, amesababisha maambukizi ya ubongo kwa wagonjwa ambao seli B zao zilikuwa zimepunguzwa na dawa za saratani. Wajawazito na watoto wachanga nao wako katika hatari kubwa wanapopata homa ya papasi: mimba inaweza kuharibika na mtoto anaweza kufa.

Upungufu wa kingamwili huongeza pia hatari ya maambukizi mengine, na hauonekani kwa macho. Mfano unaojulikana ni wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi na ambao husafishwa damu kwa mashine. Sumu zinazobaki katika damu hudhoofisha seli za kinga. Wengine hupoteza kingamwili kupitia mkojo kabla figo hazijashindwa kabisa. Mrija au sindano inayoingizwa kwenye mshipa mara kadhaa kwa wiki huwafungulia vijidudu njia. Ndiyo maana maambukizi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao, baada ya magonjwa ya moyo. Chanjo nazo huwasaidia kwa kiwango kidogo kuliko watu wengine: katika chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hupewa dozi kubwa zaidi, kisha hupimwa damu ili kuona kama kingamwili zimetosha. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, kumzuia mdudu au kijidudu asifike mwilini ni muhimu kuliko kutegemea mwili upambane nacho.

Homa ya papasi hutibiwa kwa dawa za antibiotiki kama tetrasaiklini, doksisaiklini au penisilini. Saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa anaweza kuzidiwa kwa homa na kutetemeka, kwa kuwa bakteria wengi hufa kwa pamoja. Hivyo inafaa aangaliwe kwa karibu.

Kinga kubwa zaidi ilitokana na nyumba. Sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu, vitanda vilivyoinuliwa na dawa za kuua wadudu vilimwondolea papasi mafichio. Ugonjwa huo umekuwa adimu katika sehemu nyingi za Tanzania, ingawa uliendelea kuripotiwa katika mkoa wa Dodoma hadi miaka ya 2000.

Kituo cha mafunzo

Kadiri alivyokaa Ifakara, Geigy aliona kwamba maabara peke yake haiwasaidii vya kutosha watu wanaochunguzwa. Tanganyika ilikuwa inakaribia uhuru ikiwa na madaktari wachache mno wazalendo, na vijiji vingi havikuwa na mhudumu yeyote wa afya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alishirikiana na makampuni ya dawa ya Basel kuanzisha mfuko wa kusaidia nchi zinazoendelea. Kwa fedha za mfuko huo kilijengwa Ifakara kituo cha mafunzo, kilichofunguliwa mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Hapo walifundishwa waganga wasaidizi na wahudumu wengine wa afya ya vijijini. Mafunzo yalitilia mkazo magonjwa yaliyokuwapo bondeni, maji safi, vyoo, lishe na kuwatambua wadudu waenezao magonjwa.

Ushirikiano huo ulikuwa na pande mbili. Makampuni yaliyotoa fedha yalikuwa pia na masilahi katika soko la dawa, na maamuzi makubwa yalifanyika Basel. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliweka mkazo katika huduma za afya vijijini na katika kujitegemea. Katika miaka ya 1970 kituo kilikabidhiwa kwa serikali, kikaendelea kufundisha waganga wasaidizi chini ya wizara ya afya.

Utafiti wa malale

Geigy alishiriki pia katika utafiti wa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kimelea chake, tripanosoma, nacho hubadilisha vazi lake la nje kila mara kingamwili zinapomkaribia, kwa ustadi unaozidi ule wa Borrelia. Kwa sababu hiyo hadi leo hakuna chanjo ya malale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi lake lilifanya uchunguzi katika wilaya ya Musoma na eneo la Serengeti. Katika ripoti ya mwaka 1971, aliyoiandika pamoja na Mwambu na Kauffmann, wanyama pori walichunguzwa kama hifadhi ya kimelea kinachoambukiza watu. Utafiti wa miaka hiyo ulionyesha kwamba wanyama kadhaa, wakiwemo simba na kongoni, huweza kubeba tripanosoma wa aina hiyo bila kuonekana wagonjwa. Jibu lilikuwa kinyume na lile la homa ya papasi: malale ya Afrika Mashariki hayawezi kumalizwa kwa kuwatibu watu peke yao.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1972 Geigy alistaafu uongozi wa taasisi, na nafasi yake ikachukuliwa na Thierry Freyvogel, aliyekuwa amefanya kazi Ifakara. Geigy alifariki Basel tarehe 8 Machi 1995 akiwa na umri wa miaka 92. Mfuko wenye jina lake huendelea kutoa tuzo kwa watafiti vijana wa magonjwa ya nchi za joto.

Urithi

Baada ya Geigy kustaafu, shughuli za maabara ya Ifakara zilipungua kwa muda. Mapema miaka ya 1980 zilifufuliwa chini ya Marcel Tanner, ambaye baadaye aliongoza taasisi ya Basel. Katika miaka ya 1990 uongozi wa kituo uliingia mikononi mwa Watanzania, kuanzia na daktari Andrew Kitua, na baadaye Hassan Mshinda. Mwaka 1996 kikawa kituo cha Kitanzania kinachojitegemea, na tangu mwaka 2008 kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.

Kingamwili zimebaki kiini cha kazi zake nyingi. Katika kijiji cha Idete, bondeni Kilombero, chanjo ya malaria ya SPf66 ya mtaalamu wa Kolombia Manuel Patarroyo ilijaribiwa kwa watoto wadogo, na matokeo yalitolewa mwaka 1994. Yalionyesha kinga ya asilimia 31, lakini majaribio ya baadaye katika nchi nyingine hayakuthibitisha faida hiyo, na chanjo ikaachwa. Ujuzi uliopatikana ulitumika katika majaribio mengine ya chanjo za malaria, hasa katika tawi la Bagamoyo. Watafiti wa Ifakara wanajulikana pia kwa kazi zao juu ya vyandarua vyenye dawa, mbu wa bonde la Kilombero na tiba ya kinga ya malaria kwa watoto wachanga.

Kituo cha mafunzo kilichoanza mwaka 1961 kimekua kuwa Kituo cha Mafunzo ya Afya ya Kimataifa cha Tanzania. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko sasa ni hospitali ya rufaa yenye chuo kikuu kishiriki cha afya. Mji uliozizunguka taasisi hizo umepanuka, ukiwa na kata kama Viwanja Sitini, Kibaoni na Mlabani. Homa ya papasi, iliyomleta Geigy bondeni, si tena tishio kubwa huko. Maabara iliyoanzishwa kwa ajili yake imebaki.